Kiungo Chini ya Sakafu

Mjini Migori watu huniita sakafu ikitoa jasho. Ndivyo wanavyosema kwenye simu: "Fundi, hii sakafu yangu inatoa jasho, kuja uangalie." Nikifika navua viatu mlangoni, nao hufikiri nina adabu sana. Si adabu. Nyayo hujua kabla ya macho. Zege lililolowa kwa chini lina ubaridi wake, tofauti na ubaridi wa asubuhi, na mtu aliyekanyaga sakafu za watu kwa muda mrefu kama mimi anaweza kuufuata ubaridi huo chumba kwa chumba hadi mahali unapoanzia.

Halafu nafunga mifereji yote na kuitazama mita. Ikiwa mifereji imefungwa na kijisindano cha mita bado kinatambaa, basi kuna maji yanayokwenda mahali ambako hakuna anayeyanywa. Hapo nachukua kipande cha nondo, ncha moja sakafuni, ncha nyingine sikioni, nasikiliza. Kazi hii napenda kuifanya Jumapili asubuhi, redio za majirani zikiwa kimya na wenyewe wamekwenda kanisani. Bomba linalovuja chini ya zege lina sauti ya mtu anayevuta pumzi kupitia meno. Ukishaisikia mara moja huisahau. Nimeisikia katika nyumba za walimu, za wenye maduka na za wachungaji. Nimeisikia Uriri na Rongo, hadi Isebania karibu na mpaka. Wenye nyumba hunitazama nimepiga magoti, sikio chini, nao huanza kunong'ona kana kwamba niko kwenye sala.

Mganga hajigangi, wateja husema wakitaka kunichekesha, wakiuliza kama mabomba ya kwangu ni mazima. Mimi sicheki. Ya kwangu ni mazima. Sakafu iliyonishinda ilikuwa ya mama, huko nyumbani upande wa Asumbi, na haikunishinda kwa kukosa ujuzi. Ilinishinda kwa uoga, na adhabu ya uoga huo ilimwangukia mama.

Baba alikufa nyumba yake ikiwa na kuta na mabati, bila sakafu. Alikuwa akiijenga polepole, mwaka huu dirisha, mwaka ujao mlango, kama wanavyojenga watu wasiokopa. Chini kulikuwa na mawe ya kujazia, na chini ya mawe ule udongo wetu mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Alipofia hospitalini Homa Bay, ukoo ulikaa ukaamua kwamba mwili hauwezi kulala juu ya mawe. Kwetu marehemu hulala ndani ya nyumba yake usiku mmoja kabla ya kuzikwa, na watu wa mbali huja kuitazama hiyo nyumba kuliko wanavyomtazama yeye. Nasema kwa uchungu, lakini ni kweli. Mtu anaweza kuishi miaka arobaini juu ya udongo, hakuna wa kumuuliza. Akifa tu, saruji inafika kutoka Rodi Kopany siku hiyo hiyo.

Baba mdogo, ndugu wa baba wa tumbo moja, ndiye aliyesimamia kila kitu. Alitaka sakafu, na alitaka maji ndani ya nyumba, mfereji wa kufungua na kufunga, kwa sababu wageni wangetoka Kisumu na Nairobi. Fundi wa mabomba katika ukoo nilikuwa mimi peke yangu. Nilipewa siku mbili.

Niliyalaza mabomba ya plastiki ya kijani, yale yanayounganishwa kwa kuyeyushwa na mashine ya moto, kutoka kwenye tangi la nje, chini ya korido, hadi jikoni na bafuni. Mashine ilitaka umeme, na umeme ulikuwa haujafika kwetu. Kulikuwa na jenereta moja ya kukodi. Siku ya pili, zikiwa zimebaki futi chache nimalize, waliokuja na spika za muziki wa matanga wakaichukua. Nilikwenda kwa baba mdogo kuiomba, hata kwa nusu saa.

"Wacha watu walilie baba yako na muziki," aliniambia. "Hiyo yako si utafunga tu hivyo hivyo?"

Nikafunga hivyo hivyo. Kipande cha mwisho cha bomba kilikuwa kimebaki bila kuungwa upande mmoja. Nilichukua kiungo cha plastiki cha kukaza kwa nati, kile cha kuungia mabomba ya kumwagilia shamba, kitu ambacho fundi yeyote anajua hakizikwi chini ya zege. Nikakifunga pale koridoni, mbele ya mlango wa chumba cha wazazi wangu. Spana kubwa nilikuwa nimemwazima aliyekuwa akifunga tangi, kwa hiyo nati niliikaza kwa mkono.

Mama alipita na kikombe cha uji. Mjane wa siku tano, kitambaa kichwani, macho yamevimba, lakini alikuwa amekumbuka kwamba sijatia kitu tumboni tangu asubuhi. Alisimama akaitazama mikono yangu.

"Hapo pamekaza?" aliuliza.

"Pamekaza, mama."

Bomba jipya hujaribiwa kabla ya kufunikwa. Unalijaza maji, unaliziba, unaliacha lilale hivyo, asubuhi unalipapasa kila kiungo kwa kidole kikavu. Nilikuwa na nia hiyo. Lakini watu wa zege walikuwa wameshachanganya, na zege halimngoji mtu. Nilisimama kando nikalitazama likimwagwa juu ya nati yangu, nikajiambia kwamba nitarudi nikague matanga yakiisha. Nirudi wapi? Sijawahi kumwona mtu aliyerudi chini ya zege bila kulivunja.

Siku ya mazishi baba mdogo alishika maikrofoni akatangaza kwamba mwana wa ndugu yake amempa baba yake nyumba yenye maji. Watu wakapiga makofi. Wageni walifungua mfereji wa jikoni, wakafunga, wakafungua tena. Kaburi lilichimbwa upande wa kulia wa nyumba, mahali pa mwanamume, hatua chache kutoka ukutani, likasakafiwa vizuri kwa saruji iliyobaki.

Baada ya matanga likaja suala la jater. Huyo ni mwanamume wa ukoo wa marehemu anayekabidhiwa mjane, na kabla hajaingia, nyumba ya mjane haiguswi: halizibwi paa, haipigwi plasta, haichimbwi sakafu. Anayeigusa huogopewa kuleta chira, ule ugonjwa wa kukonda ambao hospitali haiujui. Siku hizi wengi wamelegeza kamba. Jater huleta koti lake tu, linatundikwa ndani ya nyumba, na wazee wanahesabu kwamba mambo yametimia. Mama alikataa hata koti. Alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, na alisema kwa sauti ya chini, kama alivyosema kila kitu, kwamba alifunga ndoa moja mbele ya altare nayo ilimtosha. Wazee walinung'unika, kisha wakamwacha. Nyumba ilikuwa mpya, haikuhitaji kuguswa na mtu. Kwa miaka mitano mama aliishi kwa amani, na kila Jumapili alikuwa wa kwanza kufika kanisani kupanga maua.

Mwaka wa sita, katikati ya kiangazi, nilikwenda kumtembelea. Mashamba ya watu wote yalikuwa majivu, lakini kando ya kaburi la baba nyasi zilikuwa kijani kibichi. Niliziona nikiwa bado langoni. Mlangoni nilivua viatu.

Mama akacheka. "Leo umekuwa mgeni?"

Korido ilikuwa baridi. Sikuhitaji nondo, lakini nilifanya kazi yangu kama kwa mteja. Nilifunga mifereji yote, nikapanda kwenye tangi nikachora alama ya mkaa usawa wa maji, kisha nikakaa jikoni nikala samaki na ugali pamoja na mama, tukizungumza habari za watoto wangu. Nilipopanda tena, maji yalikuwa yameshuka vidole viwili chini ya alama. Nilimwambia mama awe anafunga koki ya tangi, afungue asubuhi tu kujaza ndoo zake. Hakuuliza kwa nini. Nilimwahidi kwamba nitarudi kuangalia.

Sikurudi kwa miezi mitatu. Kazi zilikuwa nyingi Migori. Huo ni ukweli, na ni uongo pia.

Katika miezi hiyo udongo mweusi ulifanya yake. Ulikuwa umevimba kwa maji ya miaka, sasa ukaanza kukauka na kunywea. Ufa ukapanda ukutani kutoka sakafuni hadi kwenye dirisha la chumba cha mama. Kaburi la baba likainama upande wa nyumba, na saruji yake ikapasuka katikati. Fundi yeyote angekueleza sababu akiwa amesimama tu, mikono mfukoni. Lakini kaburi la mume linapoinamia nyumba ya mjane aliyekataa koti, nani atamwita fundi?

Baba mdogo aliita kikao. Tulikaa sebuleni, yeye na wazee watatu wa ukoo, mimi, na mama kwenye kiti cha pembeni karibu na mlango. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Ningependa angekuwa mbaya, ingenipunguzia mzigo. Alimwita mama kwa jina la alikozaliwa, kama tunavyowaita kwa heshima wanawake walioolewa kwetu.

"Nyar Uriri, sisi hatukukulazimisha. Lakini ndugu yangu amegeuka kwa kaburi. Anaangalia hii nyumba. Sasa unataka tufanye nini?"

"Ndugu yako alinijua," mama alisema. "Hawezi kuniangalia vibaya."

Mzee mmoja akasema, labda ni maji tu, mbona nyasi za hapo zilikuwa kijani na kwingine kumekauka. Wote wakanigeukia. Maneno ya baba mdogo nayakumbuka moja kwa moja, kwa sababu nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote.

"Wewe ndio fundi. Tuambie ukweli. Kama ni makosa ya mkono, hiyo ni kazi tu. Mwenye alikosea analeta mbuzi, anamalizia kazi yake, hakuna chira, na mama yako hatumsumbui tena. Ni mkono, ama ni mwenye nyumba, ndugu yangu?"

Mlango ulikuwa wazi hivyo. Nilitakiwa kusema kwamba ni mkono, na mkono ni wangu. Mbuzi ninao. Hata ng'ombe ningeleta. Lakini nilisikia yale makofi ya siku ya mazishi. Nikaiona Migori, jinsi habari inavyotembea pale kutoka duka la vifaa hadi duka la vifaa, kwamba yule fundi anayekwenda kufichua makosa ya wenzake alizika kiungo cha shambani chini ya sakafu ya baba yake mwenyewe. Nikaona aibu. Nilimwonea aibu baba mdogo, nikawaonea aibu wale wazee watatu wasiojua hata nati ni nini, na mama aliyekaa hatua nne kutoka kwangu sikumwonea chochote.

"Bomba niliweka vizuri," nikasema. "Mimi naona ni udongo tu."

Baba mdogo alishusha pumzi. Kwake udongo ni wa aliyelala ndani yake, kwa hiyo nilikuwa nimesema ni mwenye nyumba, na jibu hilo lilimtosha. Mama hakunitazama. Alikuwa na leso mapajani, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena mpaka kikao kikaisha.

Wiki mbili baadaye alinipigia simu akasema amekubali koti.

"Huu ukuta utaniangukia," alisema. "Na wewe huwezi kugusa hii nyumba bila hiyo. Wacha walete, tumalize."

"Mama, kama hutaki..."

"Unataka kuniambia kitu?"

Nilisikia pumzi yake kwenye simu. Alingoja. Mama si mtu wa kungoja kwenye simu, huogopa kumaliza salio la mtu, lakini siku hiyo alingoja. Nilisema hapana, nilitaka kumjulia hali tu. Akasema yeye ni mzima, akakata.

Koti lililetwa siku ya Ijumaa na binamu wa mbali wa baba, mtu mpole aliyeonekana kuona haya kuliko sisi sote. Lilikuwa la kahawia, limechakaa viwiko, kifungo kimoja hakipo. Sebuleni hapakuwa na mahali pa kulitundika isipokuwa msumari mmoja kwenye njia ya kwenda jikoni, ambao ulikuwa na kalenda ya kanisa. Mama aliitoa kalenda, akaikunja, akaiweka kabatini. Yule binamu alitundika koti, akanywa chai, akaaga akaenda kwake. Baba mdogo akasema lisiondolewe mpaka nyumba itengenezwe yote na kaburi linyooshwe.

Mimi nilifika Jumamosi na vifaa vyangu. Jumapili nilikwenda na mama kanisani, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa muda mrefu. Maua yalikuwa yamepangwa na mtu mwingine. Wakati wa komunyo benchi letu lote lilisimama kwenda kwenye foleni, mama akabaki amekaa, magoti kando ili wenzake wapite. Hakuna aliyemwambia abaki. Padri hakumwita, wala akina mama hawakumsema. Alijihukumu mwenyewe kwa koti ambalo hakulitaka, akiwa ameketi karibu na mtu aliyejua kwamba halikuhitajika. Niliimba wimbo na wengine. Hadi leo nashangaa sauti ilitoka wapi.

Jumatatu tulianza kazi. Baba mdogo alikuja kushuhudia, akakalia kiti koridoni. Nilitoa nondo, nikapiga magoti, nikaweka sikio. Nilisikiliza huku, nikasogea, nikasikiliza kule, nikikunja uso kama mtu anayetafuta. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake, ambamo mwana mzima kama mimi haingii. Alinitazama nikihangaika hivyo kwa dakika kadhaa.

Kisha akanyoosha mguu, akaigusa sakafu kwa kidole gumba.

"Wacha kupima," alisema. "Si ni hapa?"

Baba mdogo akacheka, akasema wanawake huijua nyumba kuliko fundi. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mimi nilikuwa nimeinama na sikuthubutu kuinua kichwa, kwa sababu sasa nilikuwa nimeelewa. Alijua. Alijua siku ya nyasi, alijua siku ya kikao. Alijua kwenye simu, na ndiyo maana alingoja. Alikuwa amenipa nafasi moja baada ya nyingine ya kusema mwenyewe, na kila nilipoikataa alinifunika, kama alivyonifunika nilipokuwa mdogo nikivunja chungu cha watu. Angeweza kusema neno moja mbele ya wazee akajiokoa. Hakusema, kwa sababu neno hilo lingekuwa jina langu.

Nilichukua tindo na nyundo nikavunja pale pale. Zege lilikuwa jembamba kuliko nilivyokumbuka. Chini yake mawe yalikuwa yamebaki na uwazi ambao ungeingiza mkono hadi kwenye kiwiko, udongo wote ulikuwa umechukuliwa na maji kuelekea kwa baba. Kiungo kilikuwa kimekaa katikati, kizima, hakina hata ufa. Nati niliizungusha kwa vidole viwili ikafunguka.

"Nani aliweka hii kitu?" baba mdogo aliuliza, akiinama.

"Hizi plastiki za siku hizi," nikasema.

Akatikisa kichwa, akawalaani wenye maduka mpaka akachoka. Alifariki mwaka jana akiamini hivyo. Mama alikwenda nje, akakaa karibu na lile kaburi lililoinama, akaanza kuchambua mboga.

Umeme ulikuwa umeshafika kwetu, kwa hiyo kuunga bomba lilikuwa jambo la dakika chache. Nilikata kiungo, nikayeyusha kipande kipya, nikalijaza bomba maji na kuliziba. Safari hii nililiacha hadi kesho yake. Asubuhi nililipapasa kwa kidole kikavu, nikakirudisha kidole kikavu. Nikajaza mawe na changarawe, nikashindilia, nikamwaga zege, nikalisawazisha kwa mwiko. Ilikuwa kazi safi, kati ya kazi safi kabisa nilizowahi kufanya, na ningeifanya mara ya kwanza kama ningedai ile jenereta kwa ukali kidogo.

Nilikuwa naosha mwiko pale koridoni mama alipotoka jikoni na kikombe cha uji. Alisimama mahali pale pale aliposimama siku zile. Hakuitazama sakafu. Alinitazama mimi.

"Sasa pamekaza?"

Hatukuwa na mtu mwingine ndani ya nyumba. Ningeweza kusema lolote.

"Pamekaza, mama."

Alinipa kikombe, akageuka kurudi jikoni. Kwenye msumari, koti lilikuwa limening'inia kidogo njiani, naye alipofika hapo aliinamisha kichwa, akapita kwa upande, ili lisimguse.